Baba yangu alipinga jina lake mwenyewe kwenye bima ya wazee, mbele ya kijiji kizima

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Huu uzi nimeuanza mara kadhaa nikaufuta. Leo nauweka. Ni mambo ya nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi, na atakayesema ni chai namkaribisha kijijini kwetu amsalimie mzee mwenyewe. Atamsimulia hadi achoke.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, niko Katandala hapa Sumbawanga mjini. Si mtumishi. Ningekuwa mtumishi ningemwingiza baba kwenye bima yangu kama mtegemezi na uzi huu usingekuwepo.

Kitu kingine, mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ya kijijini ikiita asubuhi, kabla sijapokea nimeshazika mtu.

Asubuhi hiyo aliyepiga ni mama. Akasema baba yako mkojo umegoma toka jana.

Baba anaitwa Mzee Apolinari. Ni mkulima wa mahindi na ulezi, kijiji chetu kiko ndani kidogo kutoka Laela. Miaka sabini na kitu, hajawahi kulazwa, na hilo alikuwa analisema kwa kujisifu kila akipata msikilizaji. Nikaenda kumchukua. Njia nzima kashikilia siti ya mbele kwa mikono miwili, hasemi kitu, jasho linamtoka na baridi yote ile ya kwetu.

Hospitali wakamwekea mpira wa mkojo, akapumua. Nikajua yameisha.

Daktari akaniita pembeni. Akasema tezi dume imekuwa kubwa, mpira ni wa muda tu, hapo panahitajika operesheni, na wakishatoa watapeleka kinyama kikapimwe. Nikamuuliza, je, tukichelewa? Akasema mkojo ukiwa unarudi nyuma figo zinaharibika, na figo zikiharibika hiyo ni habari nyingine.

Wakuu, neno figo liliingia kichwani kwangu likagoma kutoka. Nikichomelea geti nawaza figo. Nikila nawaza figo.

Hela ya operesheni sikuwa nayo. Mwaka jana nilijitia kununua mahindi nikisubiri bei ipande, ikashuka. Tuishie hapo.

Ndiyo mtu akanielekeza niende ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitali. Nilimkuta dada mmoja, akanisikiliza bila kunifokea. Akaniambia upo utaratibu wa serikali kuwalipia bima wazee wasio na uwezo, ila hospitali haimwandiki mtu. Jina linatoka kijijini kwake. Linasomwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wanaulizwa kama yupo anayepinga, asipokuwepo mtendaji analipeleka mbele. Akasema wahi, mkutano ukikupita utasubiri sana.

Nikawahi. Mwenyekiti wa kijiji nimesoma na mdogo wake, akasema mkutano uko wiki ijayo na jina la mzee litakuwemo.

Jioni nikamweleza baba yote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mfuko wa mkojo kaufunika na koti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakujibu neno.

Mimi nikajua kakubali.

Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa na furaha.

Siku ya mkutano tulikuwa uwanja wa shule ya msingi, upepo unavuma kama unadai kitu. Baba alikuja na kofia yake ya sufu na koti refu. Nilimwekea kiti, akakataa, akakaa kwenye benchi na wenzake.

Mtendaji akaanza kusoma. Kichwa cha habari chenyewe: wazee wasiojiweza. Anasoma jina, mwenyekiti anauliza kama yupo anayepinga, watu kimya, wanaenda linalofuata. Likafika la baba.

"Kuna anayepinga?"

Benchi la wazee mkono ukanyooka.

"Mimi napinga."

Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza, mzee, unapinga jina la nani.

"La kwangu. Mimi nina jembe. Mwenye jembe haitwi asiyejiweza."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma. Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama makaratasi yake. Wakanong'ona. Mwisho wakasema jina likipingwa linawekwa kando mpaka mkutano mwingine, na mkutano mwingine ni baada ya mavuno.

Baada ya mavuno, wakuu. Figo hizo zisubiri mahindi yaingie ghalani.

Nilikasirika sana. Sikumsemesha njia nzima, na kumsindikiza baba yako huku humsemeshi na yeye anatembea taratibu kwa sababu ya mpira, ni adhabu kwako wewe. Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Zamani kuna mzee pale kijijini jina lake lilisomwa kwenye orodha ya chakula cha njaa. Toka siku hiyo watoto wakamwita Msaada. Akazeeka anaitwa Msaada. Siku ya maziko yake watu wazima walikuwa wanaulizana, hivi jina lake la ubatizo lilikuwa nani?

Baba alikuwepo kwenye mazishi yale.

Hapo hasira ikanipungua, wasiwasi ukabaki pale pale.

Siku chache mbele mpira ukaziba. Tumbo likajaa, homa ikapanda, akaanza kuongea Kifipa na marehemu kaka yake. Tulimkimbiza kituo cha afya na pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Muuguzi akausafisha mpira, ukatoka mkojo wenye damu. Akaniangalia akasema huyu mzee msimkalie, mpelekeni akafanyiwe. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Kwamba mgonjwa mwenyewe kajipinga?

Tuliporudi nyumbani, akaja Mama Gaudensia na uji wa ulezi. Huyu ni mjane wa rafiki yake baba, wamelima pamoja maisha yao yote, humwita baba shemeji na huwa hamwogopi hata kidogo. Akamsalimia, akampa uji, akasubiri anywe. Kisha akamwuliza swali ambalo mimi na ufundi wangu wote wa mjini sikuwa nalo.

"Shemeji, mwaka ule ntumba zilipokushinda, ulifanyaje?"

Kwa wasiojua, ntumba ni yale matuta yetu ya duara, unafukia majani yaoze udongo upate rutuba. Ni kazi nzito. Shamba likikushinda, unapika pombe unaita kijiji, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaondoka. Imekuwa hivyo toka babu zetu.

Baba akasema, niliwaita.

"Tulikuita asiyejiweza?"

"Niliwapikia."

"Basi pika."

Alichukua kikombe chake akaenda.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Mimi safari hii sikudhani chochote, nimeshajifunza. Halafu akamwita mama. Akamwambia loweka ulezi.

Sasa nyie ambao hamjawahi kuona kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kikipikwa, niwaambie kitu kimoja. Hakina haraka. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa, unaachwa uchachuke. Huwezi kuuambia tuna mgonjwa.

Zile ndizo siku mbaya kuliko zote. Nilifunga kazi mjini nikabaki kijijini. Asubuhi naangalia mfuko wa mkojo, rangi ikoje leo, umejaa kiasi gani. Nikitoka hapo naenda kuangalia ulezi kama umeota. Jua likifichwa na mawingu, kimea hakikauki, mimi nakodolea mawingu. Mama akanifukuza jikoni, akasema utaikodolea macho pombe mpaka iharibike. Nilimwambia baba tukanunue pombe tu dukani watu wanywe yaishe. Akaniangalia kama mtoto aliyetukana kanisani.

Mwenyekiti naye ilibidi akubali. Mama Gaudensia alimwendea, akamwambia aliyepinga ni mwenye jina, na mwenye jina anataka kulirudisha, kwa hiyo itisha mkutano. Mwenyekiti alikuna kichwa, mwishowe akapiga mbiu. Mkutano uwanjani kwa Mzee Apolinari.

Watu walikuja na majembe.

Hilo sikulitegemea. Walisikia kimpumu, wakajua kuna kulima. Wamesimama uwanjani kwetu, majembe begani, wanauliza shamba ni lipi.

Baba akatoka ndani. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Mfuko safari hii hakuuficha, aliushika mkononi watu wote wakauona. Mzee huyu unaweza kumtegemea kwa lolote isipokuwa kusema ulichotarajia.

"Leo hakuna shamba," akasema. "Shamba ni mimi. Limenishinda, nimewaita."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja pale mbele alishusha jembe lake chini, na wengine wakashusha.

Mtendaji akasoma. Kile kichwa cha habari alikiruka, sijui kwa makusudi au vipi, akasoma jina tu. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayepinga, na kijiji kizima kikageuka kumwangalia baba. Baba akaweka mikono yote miwili mapajani.

Likapita.

Pombe ikatoka, mirija ikaingia chunguni. Mtendaji alikuwa amekataa kugusa mrija mpaka jina lisomwe na aandike, asije akaambiwa kala rushwa. Baba mwenyewe hakunywa. Alishika mrija wake tu, akakaa na wenzake mpaka chungu cha mwisho. Na kesho yake, bila kuitwa na mtu, wale watu walirudi wakapiga ntumba shamba lake lote, kwa sababu walishakunywa pombe ya mtu na hawakuwa wamelima.

Mimi nililia, wakuu. Nilienda nyuma ya ghala nikalia.

Mengine yalikwenda. Mtandao ulikuwa chini siku ya kwanza. Siku ya pili namba ikatoka, kadi ikapatikana, yule dada wa ustawi wa jamii akatupeleka mwenyewe dirisha la wazee. Operesheni ikafanyika. Mlangoni pa chumba cha upasuaji nilisali rozari nikichanganya mafungu, Mungu atanisamehe.

Baba alitoka salama. Yuko kwangu Katandala, anakojoa mwenyewe, na anapenda kuwatangazia wageni jambo hilo wakati wa kula.

Jina la utani alipata, hakulikwepa. Kijijini sasa anaitwa Mzee Napinga. Analipenda. Mtu akimwita hivyo kwenye simu anacheka mpaka anashika mshono.

Nilichojifunza: tunahangaika kutafuta msaada wa wazee wetu, makaratasi tunayajua, ofisi tunazijua, lakini hatuulizi mzee ataupokeaje. Baba yangu alikuwa tayari kufa kwa kuogopa neno moja tu lililoandikwa juu ya orodha. Na nyie wenye wazee vijijini, ulizeni mapema mkutano wa kijiji ni lini na majina yanapitaje. Msingoje mkojo ugome.

Sasa nataka kusikia na kwenu. Nani mzee wake alikataa bima au matibabu, na mlimshawishije? Mikoa mingine majina yanasomwaje? Na wataalamu wa figo mliomo humu, msinitishe, nijibuni taratibu.

NAONGEZEA: Wengi mmeuliza majibu ya kinyama. Bado. Tumeambiwa tusubiri, na mnanijua kwa kusubiri. Yeye hayaulizii kabisa.

Ila leo asubuhi nimemkuta kakaa juani barazani, kadi kaitoa mfuko wa shati anaigeuzageuza. Akaniuliza hii inaisha lini. Nikamwambia ni ya mwaka, mwakani muda kama huu itabidi jina lisomwe tena.

Akairudisha mfukoni, akafunga kifungo.

"Mwambie mama yako asiuze ulezi wote."