Daktari wa Wiki Tatu

Picha ile ilitundikwa katika chumba cha kungojea wagonjwa, mkabala na mlango, na kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikupata njia ya kuingia bila kuiona. Mwanamke amepiga magoti sakafuni, macho yamefungwa bendeji, kichwa kimeinama, viganja vimekutana. Wageni walikuwa wakisimama mbele yake na kusema ni picha nzuri. Mwanamke huyo ni mama yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, na kupigwa picha hiyo ndiko kulikompofua.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikianza na hasira sitamaliza.

Mama alikuwa mkulima wa Goweko. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibika tangu ujana wake kwa maradhi ya kope. La kulia liliingia mtoto wa jicho akiwa mtu mzima, likafifia mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anapanda karanga kwa kupapasa. Mimi nilipomaliza mafunzo ya uuguzi niliajiriwa katika hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu, baba yake mama, aliipita njia hiyo akiwa mpagazi, pembe ya ndovu begani, hadi pwani. Mama alipenda kutuambia kwamba babu hakuwahi kuutelekeza mzigo njiani. Akiugua, alimkabidhi mwenzake kwanza, ndipo akalala.

Basi ikatangazwa kanisani kwamba anakuja daktari wa macho kutoka ng'ambo. Ametoa likizo yake kwa ajili ya Bwana, atatutumikia wiki tatu bila mshahara. Tuliimba, na mimi niliimba kuliko wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nani angesema vingine?

Sitamsingizia. Mikono yake ilikuwa na ufundi ambao sijauona tena. Nilimshikia taa na kumfasiria, asubuhi mpaka jioni. Watu walitoka Bukene kwa treni na Igunga juu ya malori ya pamba, kipofu ameshika ncha moja ya fimbo na nduguye ncha nyingine. Wako waliorudi kwao wakiwatangulia waliowaleta. Nililia kwa furaha mbele yake na sioni haya kusema.

Lakini operesheni ya jicho siku zile ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kulala. Mgonjwa alilazwa chali siku tano, macho yote mawili yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa. Asiinuke, asiiname, asikohoe kwa nguvu, kwa sababu kidonda kikifunguka jicho linamwagika. Daktari aliyarudia maneno hayo kwangu kila siku, nami nikayarudia kitanda kwa kitanda, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi.

Sista mkuu wa hospitali alitoa amri kwamba jamaa za wafanyakazi wangojee mwisho, watu wasije wakasema tunapendeleana. Hivyo zamu ya mama ikaangukia alasiri ya mwisho, daktari akiwa na safari kesho yake.

"Sista," nikamwambia, "akifanyiwa leo, kesho ataangaliwa na nani?"

"Na wewe."

"Mimi ni muuguzi. Jicho likifunguka sina la kufanya."

"Mwenye imani hasemi hivyo," akanijibu.

Nikamwendea daktari mwenyewe. Alitabasamu, akasema kuliko apumzike siku ya mwisho, afadhali amwonyeshe mtu mmoja zaidi nuru. Ni maneno mazuri ya kusemwa madhabahuni. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe, akalima vizuri kabisa, na sasa alikuwa anaanza tuta jipya huku mizigo yake imekwisha fungwa. Mama nilimweleza yote, akaniuliza, "Nikikataa leo, mwingine atakuja lini?" Akafanyiwa, na operesheni ikaenda vizuri.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mwanamke wa Kinyamwezi aliyelelewa hamsalimu mtu wa heshima akiwa amesimama, sembuse akiwa amelala. Hupiga magoti, huinamisha kichwa, hupiga makofi polepole, na hainuki mpaka aitikiwe. Nikiwa mdogo niliwahi kuinuka kabla babu hajaitikia, na mama akanirudisha chini kwa kunivuta sikio. Jambo hilo nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu. Katika makatazo yote niliyowapa wagonjwa, halikunijia akilini.

Asubuhi daktari akaingia wodini na kamera shingoni. "Waambie nimekuja kuwaaga," akaniambia, "na kwamba sitawasahau." Nikaanza kufasiri kutoka vitanda vya mlangoni. Mzee mmoja akashikwa na kikohozi, nikamwinamia kumshika kichwa kisitikisike. Hapo nikasikia makofi.

Mama, kitanda cha mwisho kabisa, alikuwa ameteremka. Mifuko ya mchanga ameisukuma kando, magoti yako kwenye saruji, kichwa chini.

"Wangaluka, baba," akamwamkia. "Wangaluka."

Uso wa daktari ulichangamka. Hakuitikia, hakujua kwamba kuna kuitikia. Akainua kamera.

"Mama, rudi kitandani!" nikapiga kelele. Daktari akaninyooshea kiganja, ningoje.

Ningoje! Daktari wa macho! Mtu yule yule aliyenikaririsha siku zote hizo kwamba mgonjwa asiiname, sasa amesimama mbele ya mgonjwa aliyeinama na anatafuta mwanga. Akapiga. Akasogea upande wa dirishani, akapiga tena. Mama muda wote huo yuko chini, na makofi yanaendelea. Nilimwachia mzee kikohozi chake, nikakimbia, nikamwinua mama kwa makwapa na kumlaza. Daktari akagusa bendeji kwa juu, akasema ni kavu, nifungue siku ya tano. Gari likapiga honi nje. Treni haingoji mtu, akaenda.

Siku ya tano nikafungua. Jicho lilikuwa limebonyea, na zaidi ya hapo sitaeleza.

"Mbona hufungui?" mama akaniuliza.

Nilikuwa nimekwisha kufungua.

Katika daftari la wodi sista aliandika kwamba mgonjwa hakufuata maagizo. Mimi aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu husingiziwa mengi, lakini hilo ni la binadamu, tena binadamu mwenye shukrani za watu kila alikopita. Miezi ikapita, picha ikaja kwa posta, imetiwa fremu, na chini yake maneno: kipofu anashukuru kwa kupewa macho. Sista akaitundika. Nikamwomba aiondoe, akasema nina uchungu moyoni, niupeleke kwenye sala. Niliupeleka, nikatoka nao vile vile.

Habari za picha zilimfikia mama kwao Goweko kabla sijajua namna ya kumwambia. Nilipokwenda likizo nilimkuta amekaa mlangoni anamenya karanga, vidole vyake vina kasi kuliko vyangu. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa nimsaidie.

"Nasikia nimo kwenye picha. Nimetokaje?"

"Umepiga magoti, mama."

"Na bwana mganga?"

"Yeye hayumo. Ndiye aliyepiga."

Akaendelea kumenya. Mimi nikaanza kumlaani yule daktari, na sista, na daftari lake, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku kichwani mwangu. Mama akaniacha mpaka nikaishiwa maneno.

"Nilizisikia nyayo zake zikisimama mbele yangu," akasema. "Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, nikapiga makofi tena. Akahama upande, nikapiga tena. Nikawa nangoja aitikie niinuke."

Akapukuta maganda kwenye kanga.

"Lakini mwanangu, wewe ulikuwepo. Maneno yake yote si wewe uliyekuwa ukimsemea? Hata lile moja la kuitikia ungemsemea, ningeinuka."