Chelezo cha Ndala na Kifungo cha Koti

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya wilaya pale Mpanda nikiwa na cheti kipya cha uvuvi, viatu vya kuazima na woga wa kutosha. Afisa Uvuvi wa Wilaya, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliisoma barua yangu mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Majimoto, mzee."

"Majimoto kuna mpunga na ng'ombe. Umewahi kuvua samaki?"

"Nimesomea, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sikukuuliza umesomea nini. Haya, utaenda Ikola, kule ziwani." Akanikabidhi ubao wa kupimia urefu wa samaki, mizani ya kuning'iniza na koti la kaki lenye vifungo vinne vikubwa vyeusi. Nyie wa siku hizi mnapewa fulana. Kwetu sisi lile koti ndilo lilikuwa kazi yenyewe. Nililivaa juani, jasho likanitiririka njia nzima, na sikulivua mpaka nilipoliona ziwa.

Ikola nilisimama kila asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, katikati ya akina mama waliokuwa wakianika dagaa. Nilipima samaki na kuandika urefu wao, kisha nikapasua matumbo ya baadhi yao kuona wamekula nini, maana nalo lilikuwa agizo. Akina mama walinitania bila kuchoka. "Huyu Bwana Samaki mbona hapiki wala hali, kazi yake kuchungulia matumbo ya wenzake!" Jina la Bwana Samaki likaniganda, na mpaka leo naitwa hivyo.

Kazi nyingine ilikuwa kukagua nyavu. Kokoro, ule wavu wa kukokota wenye matundu madogo unaozoa mpaka vifaranga vya samaki, lilikuwa limekatazwa. Basi kwenye mkutano nikawaambia wavuvi waache kokoro wavue kwa mshipi, ile kamba ya ndoano, na chelezo, watapata samaki wachache lakini wakubwa. Chelezo, kwa msiojua, ni kile kitu chepesi kinachoelea kikishikilia mshipi, na kikizama unajua huko chini kuna jambo. Maneno hayo niliyatoa kwenye daftari la chuo, neno kwa neno.

Kulikuwa na mvuvi mmoja Mbende, kabila la wenyeji wa pwani ile, mrefu, mkimya, tuliyemwita Baba Kristina. Nyuma ya nyumba yake nililikuta kokoro limekunjwa vizuri. Nikalibeba hadi mwaloni, nikaita watu, nikalimwagia mafuta ya taa, nikawasha kiberiti. Sheria ilinitaka nilichome. Lakini sheria haikunituma nitoe hotuba wakati linaungua, na mimi nilitoa hotuba, tena ndefu. Baba Kristina alisimama na kofia mkononi mpaka moshi ukaisha.

"Umemaliza, Bwana Samaki?"

"Nimemaliza."

"Haya. Nyumbani kwangu wanakula watu saba. Kesho asubuhi njoo na hicho chelezo chako, unifundishe."

Watu wote wakanigeukia. Hapo ndipo nilipoelewa nimejiingiza wapi. Nikishindwa, hakuna atakayeacha kokoro pwani nzima ya Ikola. Na ile familia italala njaa kwa sababu ya kiberiti changu.

Asubuhi nikaenda. Nilikuwa nimechonga chelezo cha mti, kikubwa kama ngumi, ili kionekane kwa mbali. Chambo nikaweka donge la ugali. Ndoano nikaishusha kina cha mkono mmoja tu, kwa sababu kwenye picha ya kitabu ilikuwa hivyo. Chelezo kikacheza, nikavuta, nikatoa kisamaki cha urefu wa kidole. Kikacheza tena, kidole kingine. Baba Kristina akawatazama pale sakafuni mwa mtumbwi.

"Hawa hata kokoro langu lilikuwa linawaacha," akasema.

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu hatukupata hata hao wa kidole. Tuliporudi, mkewe alinikaribisha chakula kama mgeni, ugali wa muhogo na kisamvu, nami nikakaa nikala chakula cha watu niliowachomea wavu. Mumewe alipotoka kunawa, Mama Kristina akaniambia taratibu, bila hasira, "Ule wavu, kile kipande cha katikati alikifuma marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Mwenzangu hatakwambia, lakini ujue." Nikataka kumwomba radhi mumewe alipoingia, nikakosa ujasiri.

Siku ya nne, tukiwa ndani ya mtumbwi, nikasema ukweli.

"Baba Kristina, mimi kuvua sijui. Sijawahi kutoa majini samaki anayezidi kiganja changu."

"Hilo nililiona siku ya kwanza. Mtu anayejua kuvua haingii mtumbwini na viatu." Akaweka kasia chini. "Sasa mimi nimekulia kwenye wavu, mambo ya mshipi siyajui vizuri. Wewe unajua nini cha kweli? Usiniambie cha kwenye daftari."

Nikafikiri weee. "Najua matumboni mwao mna nini."

Nikamweleza habari za kuhe, yule samaki mkubwa wa manjano ambaye akiliwa mezani watu hawaongei. Kuhe wakubwa wote niliowapasua walikuwa wamemeza samaki wadogo wazima wazima, kichwa kikiwa kimetangulia. Ugali sikuwahi kuuona humo hata siku moja. Baba Kristina akatikisa kichwa kukubali. "Basi na mimi najua wanapokaa. Pale mawe yanapoishia, maji yanapobadilika rangi."

Tukaanza upya. Tulifunga jiwe kwenye mshipi tukapima kina, tukapata pima sita, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Tukataka chambo kining'inie juu kidogo tu ya mawe, kwa sababu wakubwa hawapandi juu kugombania makombo na watoto. Tukakamata visamaki vya kwenye mawe, tukaviweka hai ndani ya ndoo, tukavitunga mgongoni kijuujuu ili viendelee kuogelea. Lakini ile ngumi yangu ya mti ikatuangusha. Kuhe akigusa chambo anasikia uzito, anatema.

"Tunataka kitu chembamba, chepesi," Baba Kristina akasema, na jioni ile macho yake yakatua kwenye miguu ya mkewe.

"Wee! Ndala yangu!"

"Moja tu, mama."

"Moja ndiyo nini? Kwani mimi nina mguu mmoja?"

Akakata kipande chembamba cha urefu wa kidole, akakitoboa kwa msumari wa moto, akapitisha mshipi. Ikabaki shida ya kukizuia kisiteleze kwenye mshipi. Tukifunga fundo, kila tukitaka kubadilisha kina inabidi tulikate. Nikajitazama kifuani, nikachukua kisu, nikakata kifungo kimoja cha koti. Ukiingiza mshipi tundu hili na kuutolea tundu lile, kifungo kinaubana. Ukikisukuma kwa kidole kinasogea, ukikiacha kinakaa. Baba Kristina alikisogeza juu na chini mara nyingi, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Asubuhi iliyofuata chelezo kikazama moja kwa moja. Nikavuta kwa nguvu zote, ndoano ikarudi tupu. Kikazama tena, nikavuta tena, patupu! Baba Kristina akanikamata mkono.

"Wewe si uliniambia wanamezaje?"

"Kichwa kwanza."

"Basi mpe nafasi amgeuze huyo mdogo! Hesabu mpaka kumi ndipo uvute."

Kilipozama mara ya tatu nilihesabu taratibu. Kumi. Nikavuta, na mshipi ukakatalia kule chini, ukaanza kutembea wenyewe. Jamani! Tulimtoa kuhe mrefu kama mkono wangu, na kabla ya saa sita tukapata wengine wawili. Baba Kristina alipiga kasia polepole kupita mwalo mzima ili kila mtu aone. Mama Kristina alitupokea kwa vigelegele, mguu mmoja peku. Mimi nililia, na siwafichi.

Sitawadanganya kwamba Ikola nzima iliacha kokoro siku ile. Wengine waliacha, wengine waliendelea kulificha. Mkaguzi kutoka mkoani alipokuja, hakuuliza samaki, aliuliza koti.

"Kifungo cha pili kiko wapi?"

"Kiko ziwani, mzee. Kinafanya kazi."

Nikapata barua ya onyo. Baadaye nikahamishiwa Karema, nako nikaharibu ndala za watu wengi, kisha wakanirudisha Mpanda, nikakaa mezani na mafaili mpaka nikastaafu. Kila kijana niliyemfundisha nilimwambia hayohayo. Chelezo kikichezacheza, hao ni wadogo, tulia. Na ukiwaona kuhe wawili wamekaa pamoja juu ya kundi la vifaranga, ondoka hapo, hao wanalea.

Ndugu zangu wa Majimoto walidhani nitarudi kwenye ng'ombe. Nikajenga Ikola. Baba Kristina ni mzee sasa, macho yake yameingia ukungu, ila vidole vyake bado vinausikia mshipi. Wiki iliyopita tulitoka asubuhi pamoja, na kifungo kilekile, kimechakaa. Miaka yote ile nilikuwa nimekula kwake, nimezika naye, nimecheza harusi ya Kristina, na lile neno la kuomba radhi sikuwahi kulisema. Moyo ukanisukuma.

"Baba Kristina, ule wavu. Najua aliyeufuma. Mama Kristina aliniambia siku nyingi. Nisamehe. Na ile hotuba, nisamehe zaidi."

Alikaa amegeukia maji, nami nikajilaumu kwa kumharibia asubuhi yake. Kisha akainua kidole.

"Kimezama?"

Nikatazama. "Kimezama."

"Hesabu."

Nikaanza kwa sauti. Nilipofika sita, machozi yakanishinda. Akaendelea yeye, saba, nane, halafu akaiacha hesabu, akapapasa mpaka akaupata mkono wangu.

"Mimi nilimaliza kuhesabu zamani, Bwana Samaki," akasema. "Vuta."