Verlene Ousley, Mpekuzi wa Majalada
Watu walioingia katika jengo la mahakama la Kaunti ya Haddix, huko milimani Kentucky, wakiwa wamevaa miwani myeusi, Verlene Ousley aliwajua kabla hawajafungua mdomo. Hao walikuja kumchimba mtu. Mwenye kesi yake huja uso wazi, macho mekundu, na barua mkononi imekunjwa mara nne. Anayechimba kesi ya jirani hujifunika, hunong'ona, na akiulizwa husema amekuja kulipia namba za gari.

"Namba za gari ni chini, mpenzi," Verlene aliwaambia hata kama hawakuuliza. "Madhambi ndiyo yako juu."

Kazi hiyo hakuisomea. Miaka ishirini na miwili alishona kola za mashati katika kiwanda nje ya mji, mpaka wenye kiwanda walipogundua kwamba ng'ambo kuna watu wa kushona kola kwa malipo ya peremende. Wakafunga milango na kuwaachia wanawake mia tatu cheti cha shukrani kila mmoja. Mwaka uleule mwanawe Jody, kijana wa miaka kumi na tisa, alichukua gari la mchungaji bila ruhusa na kulitumbukiza mtoni. Kosa kubwa la jinai, wakasema. Wakili aliyepewa kumtetea alimpa Verlene dakika saba, na mbili kati ya hizo alizimaliza akitafuta kalamu.

Verlene akaamua kulisoma jalada mwenyewe. Kwanza alipotea. Aliingia kwa karani wa kaunti, kule wanakoandikisha ndoa, mashamba na magari, akaomba kesi ya mwanawe. Msichana wa dirishani akamcheka waziwazi. "Bi, hapa tunaozesha watu, hatuwafungi." Akapanda ghorofa ya pili kwa karani wa mahakama yenyewe, wanakohifadhi kesi nzito, na huko akamkuta Dwight Fugate. Dwight walisoma naye darasa moja, lakini tangu apate meza na muhuri alikuwa akimtazama kila mtu kana kwamba amekanyaga zulia lake kwa viatu vya shambani.

"Majalada hayatolewi hivihivi," Dwight alisema.

"Ukutani nyuma yako pameandikwa yako wazi kwa wananchi. Au mimi si mwananchi, Dwight?"

"Lazima uwe na namba ya kesi."

"Na namba ya kesi naipata wapi?"

"Kwenye jalada," akasema Dwight, bila hata aibu.

Alikaa kwenye benchi mpaka jengo likafungwa. Kesho yake akarudi na chakula, mkate wa mahindi na maharage ndani ya chupa, akala palepale mbele ya dirisha. Siku ya tatu Dwight akamwonyesha kompyuta ya wananchi iliyokuwa pembeni, nyuma ya mmea uliokufa, pengine ili asiendelee kumwona akila. Humo ukiandika jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, namba ya kesi inatoka yenyewe. Mwaka, herufi mbili, tarakimu tano. Kesi za zamani ziko kwenye vitabu vikubwa chini ya jengo, vyenye harufu ya panya. Za watoto hazitolewi, na zilizofutwa kabisa kwa amri ya jaji huzikuti. Yote hayo yangeweza kuelezwa kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kumbe wale wa dirishani walikuwa wameyageuza siri ya ukoo, ili mtu awapigie magoti.

Jody alifungwa, akatoka, akahamia Louisville kuchomelea vyuma, na kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Ujuzi ukabaki kwa mama. Watu wakaanza kumwomba. Mwenye nyumba alitaka kujua habari za mpangaji, mjane alitaka kujua habari za mchumba mpya, na mtu fulani alitaka kuona rekodi yake mwenyewe maana kila alipoomba kazi alinyimwa. Huyo wa mwisho Verlene alimhudumia bure. Wengine aliwatoza, na dharau akawapa nyongeza.

"Someni kuanzia nyuma," aliwaambia wote. "Ukurasa wa kwanza ni maneno ya polisi. Wa mwisho ndio mahakama ilivyosema."

Ndipo Marcella Prater akapanda ngazi na miwani yake. Marcella alikuwa mke wa mwenye nyumba ya mazishi. Kwa kuwa mumewe aliwazika watu wote wa mji, yeye aliamini kwamba ndiye mwenye kuamua nani kati yao aliishi vizuri. Binti yake Kendra alikuwa ameposwa na Lonnie Tackett, fundi wa magari, kijana mpole mwenye kucha nyeusi kwa grisi. Grisi ile ndiyo iliyomkera Marcella, ila hakuweza kuisema mbele za watu wa kanisani.

"Nimepata hii," alinong'ona, akatoa karatasi aliyoinunua kwenye tovuti. "Lonnie Tackett. Makosa makubwa matatu. Matatu, Bi Verlene!"

Verlene aliisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali, kama mtu aliyeshika samaki wa juzi. "Umelipia hii?"

"Ni kampuni kubwa."

"Kubwa, ndiyo. Hawa wangeweza kukuuzia makosa ya mbwa wako. Tarehe ya kuzaliwa ya huyu bwana iko wapi? Jina lake la kati liko wapi? Kina Tackett katika milima hii ni wengi kuliko kuku."

Akaketi kwenye kompyuta. Haikuchukua hata robo saa. Mwenye makosa matatu aliitwa Lonnie Ray, mzee wa miaka hamsini na kitu, naye alikuwa bado gerezani. Mchumba wa Kendra alikuwa Lonnie Dean, ana miaka ishirini na tisa. Katika Kaunti ya Haddix hakuwa na kitu zaidi ya faini moja ya kwenda kasi.

Mama mwingine angeshusha pumzi. Marcella alikunja uso kama mtu aliyefungua zawadi akakuta soksi.

"Na kaunti nyingine je? Aliwahi kuishi Slone."

"Unatafuta amani ya roho, Marcella, au unatafuta kosa?"

"Natafuta ukweli."

"Haya. Washa gari."

Slone ni mwendo wa saa moja kwa barabara ya kona tupu. Huko walikuta kesi moja. Miaka sita nyuma, Lonnie Dean Tackett alishtakiwa kwa kuiba nyaya za shaba kwenye mgodi uliofungwa. Jalada lilikuwa na kurasa tisa. Verlene aligeuza ukurasa wa mwisho, akasoma, akalisukuma jalada mezani.

"Kesi ilitupiliwa mbali. Usiku ule alikuwa hospitali akishonwa mkono. Gari lililoonekana mgodini alikuwa amemwazima binamu yake. Jaji ametia sahihi, basi."

"Lakini alishtakiwa," Marcella alisema, na sauti yake ikachangamka kwa mara ya kwanza siku nzima.

"Hata Yesu alishtakiwa."

"Usinitanie kwa jina la Bwana. Karani! Naomba nakala." Akainua kidole. "Ukurasa wa kwanza tu."

Verlene alimwona. Alimwona akiikunja ile karatasi na kuitia kwenye mkoba, akajua ya nini. Lakini njaa ilikuwa inamuuma, magoti nayo, na nyumbani kulikuwa mbali na gari halikuwa lake. Alinyamaza. Njiani wote wawili walisikiliza redio.

Wiki mbili baadaye, akiwa kwenye foleni ya dukani, aliwasikia wanawake wawili wa kanisa la Marcella wakiongea mbele yake.

"Hati yenyewe ameiona mchungaji. Ina muhuri wa kaunti."

"Maskini Kendra. Mwizi!"

"Gereji wameshamnyang'anya funguo. Nani atamwachia mwizi gari lake?"

Verlene aliiacha mikate na maziwa yake pale kaunta. Ndani ya gari lake bovu alikaa bila kuwasha injini. Dharau aliyokuwa akiwagawia wengine kwa miaka mingi sasa ilimrudia yeye, tena kwa ukarimu. Mwanamke aliyewafokea watu wote wasome mwisho, mwenyewe amesimama anatazama mwisho ukiachwa juu ya meza, kwa sababu ya magoti! Alijisonya kwa sauti. Kisha akaenda Slone.

Sherehe ya zawadi za bi harusi ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa. Bado hawakuwa wameifuta. Marcella alikuwa anangoja Kendra avunje uchumba mwenyewe, ili ionekane ni busara ya binti. Palikuwa na mikate midogo yenye kuku na wanawake thelathini walioketi duara wakiwa na sahani mapajani. Kendra alikuwa katikati, macho yamevimba. Verlene aliingia bila mwaliko na bila zawadi.

"Bi Verlene," Marcella alisema, akatabasamu kwa meno ya mbele tu. "Hatukukutarajia."

"Najua. Nimeleta kitu ulichokisahau Slone." Akampita, akaenda moja kwa moja kwa bi harusi. "Kendra, mwanangu, mama yako amewaonyesha watu ukurasa wa kwanza. Huu ni wa tisa. Una muhuri uleule, kama muhuri ndio unaowapendeza."

Marcella akasimama, sahani ikamponyoka.

"Nani asiyejua wewe ni mama wa mfungwa! Mwanao ndiye aliyezamisha gari la mchungaji, leo unakuja hapa kutufundisha usafi?"

Verlene aliviruka vipande vya sahani, akamsogelea.

"Ndiye. Alitenda, akahukumiwa, akamaliza. Jalada lake liko ghorofa ya pili, la kijani. Nenda kalisome, Marcella. Ila safari hii lisome lote, ujue inavyokuwa."

Kendra alikuwa ameshaanza kusoma. Kwanza kimya, midomo ikicheza, halafu kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na tarehe, pamoja na jina la hospitali, pamoja na sahihi ya jaji. Alipomaliza alimtazama mama yake.

"Ulikuwepo. Uliuona huu?"

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakulinda—"

"Uliuona, mama?"

Marcella aliinama kuokota vipande vya sahani. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemsema pia. Wale wanawake wote, ambao juzi walikuwa na ndimi ndefu kama mikanda, ghafla waligundua kwamba mikate ile ina kuku mtamu sana. Verlene aliwatazama mmoja mmoja, akabenua mdomo, akatoka.

Gereji walimrudishia Lonnie funguo Jumatatu. Hawakumwomba radhi; walisema tu kuna magari yamelundikana. Mchungaji alihubiri juu ya masengenyo bila kutaja kwamba yeye mwenyewe aliiona nakala ile na kuiamini. Kendra alihamia kwa shangazi yake, na kwa mwezi mzima hakuzungumza na mama yake.

Harusi ilifungwa Oktoba. Lonnie mwenyewe ndiye aliyempelekea Verlene kadi. Aliivua kofia mlangoni, akashindwa kusema alichokuja kusema, akaishia kumtengenezea breki. Siku yenyewe Marcella aliketi safu ya mbele na kofia pana kama sinia, akalia kuliko wote, na baadaye, kwenye keki, Verlene alimsikia akimwambia mgeni kutoka mbali, "Huyu kijana tangu mwanzo nilimpenda. Moyo wa mama hauongopi."

Verlene alikata kipande cha pili cha keki, akakila chote kwa utulivu, akamuaga Lonnie, akaondoka kabla ya watu kuanza kucheza.