Kukagua Gereji ya Mkwe

Siku niliyoambiwa nikakague magari ya polisi yanayotengenezwa Likoni, ilinipasa kusema siwezi. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi: "Afande, mwenye gereji ni baba mkwe wangu. Mtafute mwingine." Sikuyasema. Nilisema, "Ndiyo, Afande," nikatoka ofisini nikijiona nimepanda daraja.

Nilikuwa karani wa kandarasi katika yadi ya magari ya polisi, Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kujua injini ya gari fulani iko kwa fundi gani, nani analeta matairi, nani ameahidi Jumatatu na sasa ni Alhamisi. Nilisoma hadi sekondari, na wakati ule, Uhuru ulipokuwa ukinukia, kijana wa sekondari aliamini kila mlango utafunguka akiusukuma kidogo tu.

Shida ya magari ya Likoni ilikuwa feri. Gari likikatika mkanda wa feni lilipanga foleni, likavuka, likapita kisiwani kote hadi Changamwe, na siku ikapotea. Kwa hiyo ikaamuliwa kazi ndogondogo zipewe gereji ya ng'ambo ileile. Mkwe wangu aliomba pamoja na wengine akapata. Sikumpigia debe. Hapakuwa na dereva wa lori kutoka feri hadi Mtongwe asiyeujua mkono wake.

Sharti lilikuwa moja: gari likishatengenezwa, mkaguzi alipandishe jeki, afungue gurudumu, aangalie breki kwa macho yake, kisha aliendeshe mwenyewe kabla halijarudi kituoni. Mkaguzi nikawa mimi.

Ziara ya kwanza nilimkuta mzee ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Alipomaliza niliubusu mkono wake, nikakaa kwenye kibao cha chini kuliko chake. Kahawa ikaletwa, na kashata. Kwetu mkwe hapekuliwi. Humuulizi alikotoka, huinui kifuniko cha chungu chake, hurudi nyuma yake kutazama alichokifanya. Nimelelewa hivyo, na binti yake nilipewa kwa sababu ilisemekana nimelelewa vizuri.

"Gari liko tayari, mwanangu," alisema. "Hutazami?"

"Ukishasema wewe, baba, mimi nimetazama."

Alinimiminia kahawa nyingine. Nilidhani amefurahi. Nikatia sahihi.

Dereva wa gari lile la doria alikuwa kijana wa Kisauni tuliyesoma naye tangu chuo cha Kurani, tukichapwa fimbo moja. Shule aliiacha mapema akaingia polisi. Alikuwa amesimama mlangoni akisubiri, na tulipotoka tu akaanza.

"Karani, jeki umeiona kweli au umeona kashata?"

"Nyamaza, wewe."

"Inspekta Mzungu humwogopi, kumbe wamwogopa baba wa mke! Wallahi, siku utakapolala chini ya gari langu ndipo utajua limetengenezwa ama halikutengenezwa."

Tulicheka. Ikawa ndio desturi. Kila nilipovuka, mzee aliniuliza, "Hutazami?" nami nilijibu lilelile, na tulipotoka nje rafiki yangu alinitania.

Mwaka uliofuata niliona jambo. Mzee alianza kutafuta spana kwa kupapasa. Skrubu aliisogeza karibu na pua kabla ya kuifunga. Siku moja alinipa mkono, ukapita pembeni ya wangu. Niliona yote hayo, na kila nilipoona niliinamisha kichwa, kwa kuwa macho ya mkwe yakififia si yako wewe kuyasema.

Kisha rafiki yangu akaja na neno ambalo halikuwa utani.

"Breki yazama. Naikanyaga mara mbili ndipo ishike."

"Mpelekee mzee aifungue upya."

"Nitampelekea. Lakini mara hii ukague. Nakuomba, ndugu yangu. Mteremko wa feri wausahau?"

"Nitakagua, inshallah."

Nilivuka nikiwa nimekata shauri. Njiani nilitunga maneno ya adabu kabisa: kwamba Changamwe wamekaza sheria, kwamba mimi natumwa tu. Nikafika, nikambusu mkono, nikakaa. Jeki ilikuwa palepale, karibu na mguu wangu. Mzee akasema, "Nimeifungua breki yote, nimeifunga upya. Hutazami?"

Mlangoni rafiki yangu alikuwa akinikodolea macho.

"Ukishasema wewe, baba," nikasema.

Rafiki yangu alipanda gari bila kunitania. Jioni ileile alikuwa akiteremka kuelekea feri, watu wamejaa mbele na mikokoteni yao na vikapu vya mboga, akakanyaga breki, kanyagio likaenda hadi chini likabaki huko. Alikata usukani akalipigiza gari kwenye ukingo wa mawe. Hakuumia mtu mwingine. Mguu wake ulibanwa chini ya usukani ukasagika.

Nilipoitwa kuulizwa, Afande alitaka jambo moja tu: breki zilikaguliwa au hazikukaguliwa? Nikajibu, "Nilizikagua, Afande. Zilikuwa nzima." Nilijiambia namsitiri mkwe. Kweli ni kwamba nilikuwa najisitiri mwenyewe. Na kama breki zilikuwa nzima, basi kosa lilikuwa la dereva. Alifukuzwa kwa uzembe akiwa bado kitandani hospitali.

Gari lilirudishwa gereji. Mzee alilifungua mwenyewe, kisha akaniita. Kiganjani alishika kipira kidogo cha breki.

"Kipapase," alisema. "Nilikitia kinyume. Mafuta yakavuja."

Nilikipapasa.

"Macho yangu yamekwisha, mwanangu, na wewe wajua. Kila gari nilikuuliza: hutazami? Nilikuwa nakuomba. Kumwambia mkwe wangu mimi kipofu niliona haya. Nikasema yeye amesoma, yeye ndiye mkaguzi, kosa langu ataliona yeye."

"Samahani, baba."

"Usiniombe mimi. Nenda kaseme."

Nilisema nitakwenda. Siku zikapita, sikwenda. Basi akavaa kanzu na koti, akavuka feri akishikwa mkono, akaja Changamwe mwenyewe na kile kipira mfukoni. Alimweleza Afande kila kitu. Afande akasema karani amekwisha kuthibitisha kwamba alikagua, labda kipira kimetoka mahali pengine. Nikaitwa. Mzee alikuwa amekaa kitini, uso ameuelekeza kwenye sauti ya viatu vyangu.

"Ulikagua?"

"Nilikagua, Afande."

Mkwe wangu aliinuka, akapapasa mlango, akatoka. Juma lile alirudisha kandarasi na kufunga gereji.

Uhuru ulipokuja, wakubwa Wazungu wakaondoka, nami nikapewa ofisi ya kandarasi zote, na kiti chenye mikono. Nilikagua kila gari tangu hapo. Nililala chini ya magari mpaka mafundi wakanicheka, wakasema bwana huyu hamwamini hata mamaye.

Rafiki yangu aliuza nazi Kisauni, akitembelea gongo. Nilikwenda kwake mara nyingi. Alinikaribisha ndani kwa adabu, akaniletea maji, akaniita bwana. Hakunitania tena mpaka alipokufa. Mkwe wangu hakunipa mkono wake tena. Nilipoingia kwake aliuingiza ndani ya kanzu. Mke wangu alikaa nami hadi mwisho, ila kwa baba yake alikwenda peke yake, na watoto wangu walikua wakijua kwamba nyumba ya babu yao baba yao haingii.

Kwa mimi kutosema "siwezi" siku ile, dereva alipoteza mguu na kazi yake kwa kosa lisilo lake, nami nikampoteza yeye, nikampoteza na yule mzee niliyedhani namheshimu.