Daktari Aliyepanda Maharagwe Tu

Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na sita, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu, na tangu hapo sijaacha jambo lipite bila tarehe. Ndiyo maana najua kwamba daktari wa kwanza wa kituo chetu cha afya, hapa katika vilima vya Masisi, alituacha tarehe 3 Juni, na wa pili tarehe 19 Januari. Wa tatu hakuaga, lakini godoro lake lilionekana juu ya pikipiki asubuhi ya tarehe 8 Septemba, likielekea Goma.

Mshahara wa serikali huja unapopenda, na kwingine kuna waajiri wanaolipa kila mwezi, hilo nalielewa. Lakini mimi nina ugonjwa wa tansio, yaani shinikizo la damu, na kila daktari aliyekuja alianza upya, kana kwamba nilizaliwa siku aliyofika yeye. Wa tatu alinibadilishia dawa. Siku ya tano nilianguka shambani, nikalala kitandani siku tisa. Basi alipofika wa nne, mwanamume mwembamba aliyejiita daktari wa familia, sikujali maneno yake. Nilitazama atakachopanda.

Kwetu, mtumishi wa kituo huazimwa kipande cha shamba ili apate kula, na tangu daktari wa pili zamu ni yangu. Maharagwe hukaa ardhini miezi mitatu. Mgomba hudai mwaka na zaidi. Wa nne alipanda maharagwe. Akavuna, akapanda maharagwe tena. Kisha viazi. Nikaandika kila tarehe.

Halafu akaenda Omate, kule machimboni Walikale, siku nne, kumwona daktari mwenzake wa mgodi, aliyeugua. Ndivyo alivyosema. Siku aliporudi, rafiki yangu wa kwaya, ambaye nyumba yake inatazama barabara, alifika kwangu akihema.

"Mama, ule dokta wako iko anaenda."

"Nani amekuambia?"

"Amerudi na viatu vipya. Muntu wa hapa anatoa wapi viatu vipya?"

"Labda amenunua."

"Na nini? Na maharagwe yako?" Akacheka mpaka akashika mlango.

Siku yangu ya kupimwa, daktari alinifunga kipimo mkononi, akakunja uso.

"Leo iko juu sana, Mama. Kuna kitu kinakusumbua?"

"Njo wewe unanisumbua. Miezi kumi na mine unapanda maharagwe tu. Muntu wa kukaa anapanda mugomba."

Alikifungua kipimo polepole. "Mama, si wewe ulinikataza? Siku ya kunipa shamba, mbele ya shemeji yako na ya chefu wa kijiji. Ulisema maharagwe na viazi, mugomba hapana."

Nilimwambia mimi si mwanamke wa kusingiziwa. Nikarudi nyumbani, nikafungua daftari ili nimwaibishe. Tarehe 2 Novemba, kwa mkono wangu mwenyewe: *Nimemwazima daktari shamba la juu. Asipande mgomba.*

Nilikaa chini. Kwetu, anayepanda mgomba katika shamba la mwingine ameanza kusema ni lake, na shemeji zangu wamengojea ufa kama huo tangu siku ya mazishi. Neno hilo nimewaambia wote niliowaazima shamba, bila hata kulifikiri. Daktari wa pili na wa tatu pia nilikuwa nimewaambia.

Kesho yake nilirudi kituoni.

"Omate wanakutaka?"

"Wananitaka. Kuna kontra, mukataba wa kazi, kuna mushahara kila mwezi. Nitajibu mwisho wa mwezi huu."

"Na viatu?"

"Mwenzangu alinipa. Vilimukaza."

Sikuamini habari ya viatu. Hata hivyo, tarehe 21 nilimpelekea machipukizi matatu ya mgomba, nikawaita shemeji na chefu wa kijiji, nikasoma karatasi yangu kwa sauti: daktari atapanda migomba mitatu na kula ndizi zake muda wote atakaotumikia kituo, siku atakayoondoka, migomba na ardhi vitabaki vya watoto wangu.

"Shemeji," akasema ndugu wa mume wangu, "unaingiza mugeni mu shamba ya kaka yangu?"

"Karatasi inajibu. Soma."

Akasema miwani yake imebaki nyumbani. Sijawahi kumwona na miwani.

Daktari alisoma mara mbili, akatia sahihi. "Hii njo kontra yangu ya kwanza tangu nifike Masisi." Alikuwa ameandika tarehe 20. Nikamtaka airekebishe.

"Sasa utakaa?"

"Nimepanda, Mama."

"Sikukuuliza hilo."

Tarehe 31 niliketi mlangoni tangu alfajiri. Pikipiki ya Walikale ilipita saa tatu, ikasimama kituoni, ikaondoka na mama mmoja na kuku wawili. Nilingoja mpaka adhuhuri, isije ikarudi. Ndipo nikaenda kupimwa. Alikuwapo, faili yangu ilikuwa mezani, na dawa aliyoniandikia ilikuwa ile ile. Nilitazama chini. Viatu vile vipya vilikuwa na udongo mwekundu wa shamba langu la juu.

Mkungu wa kwanza bado haujatoka. Kila Jumamosi nakwea kule kutazama kama migomba imepaliliwa, na kila mara naikuta imepaliliwa. Naandika tarehe.