Skrubu za Simu ya Mama

Simu ya mama iligoma kuchaji wiki aliyorudi kutoka Kibumba na magunia yake ya karoti. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu baba, ujumbe mmoja tu uliosalia, na mama aliusikiliza kila asubuhi kabla ya kuwasha makala, yaani mkaa wa kupikia. Hakuna mwingine aliyekuwa nao. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Kwenye duka lenye vioo, pale tulipoinunua, muuzaji aliigeuza mara moja akairudisha mezani.

"Mama, hii hatuifunguake. Tutakupatia ingine, lakini byote byenye biko ndani bitapotea."

"Mimi njo nilinunua," mama akasema. "Sasa ruhusa ya kuifungua, nani anaikamata?"

Akachukua simu yake, akanivuta mkono, tukaenda Mabanga.

Kule mafundi hukaa chini ya miavuli kando ya barabara, na sisi watu wa Goma hatumwachii fundi simu hata akiwa mjomba. Simu ikilala kwa fundi, huamka na matumbo ya nyingine. Kwa hiyo unaketi mbele yake, unakunjua kiganja, na kila skrubu inayotoka anakuwekea humo. Mama alikunjua chake, akakodoa macho, hata salamu za watu hakuitikia. Fundi akafungua, akapuliza, akachokoa kwenye tundu la chaji udongo wa Kibumba wa kutosha kuotesha kitunguu.

Akachomeka waya. Kioo kikawaka. Mama akabonyeza, na baba akanena kwa ile sauti yake ya kununa:

"Mama watoto, usisahau chumvi leo. Mboga ya sombe ya jana ilikuwa chakula ya mbuzi."

Mama akapiga makofi kwa furaha! Skrubu zote zikarukia kwenye changarawe nyeusi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi, mimi, mama mwenyewe na muuza ndizi wa jirani tuliinama sote, makalio juu, tukipapasa na kucheka. Moja hatujaipata mpaka leo. Kona ya simu inachezacheza, na mama ameibana kwa mpira.

Asubuhi bado anaifungua. Baba anamkumbusha chumvi, naye anapepea makala na kumjibu bila kugeuka:

"Nilishanunua, papa. Iko mingi."