Dakika Sabini na Nne Bila Kukatika

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kitu. Fundi Mkuu wa Mitambo wa redio yetu hapa Mpanda, mzee wa Kifipa mwenye masharubu mengi na maneno machache, alinikalisha kwenye kiti kisicho na mgongo akanivalisha hedifoni sikio moja tu. "Sikio hili la studio," akasema. "Hilo lingine la hewani. Ukiyafunika yote mawili, binti, utakuwa unajipigia mwenyewe." Nilikaa hivyo mpaka saa nane mchana, shingo imekakamaa. Nilikuwa nimetoka kwenye kibanda cha kurekodi kanda pale sokoni, nikijiona najua muziki kuliko mji mzima. Siku ile niligundua kwamba nilijua nyimbo tu.

Nyinyi vijana mnachanganya muziki kwenye kompyuta, na mashine inawapangia mapigo. Sisi tulihesabu kwa mguu. Wimbo mmoja una mapigo mia moja na thelathini kwa dakika, mwingine mia na ishirini na sita. Huu unaupunguza kasi, ule unauongeza, mpaka zitembee sawa, ndipo unasogeza vitelezo vya miksa, vile vya kupandisha na kushusha sauti, kimoja kikipanda kingine kikishuka. Ukikosea, msikilizaji anasikia ngoma mbili zinagombana. Ukichelewa, kinaingia kimya cha hewani, yaani redio imewaka lakini haisemi kitu, na Fundi Mkuu ameshasimama mlangoni. Hakuwa anagomba. Alikuwa anakutazama tu, na afadhali angegomba.

Mwaka wa nne nilihamishiwa Karema, kulinda mnara wetu mdogo wa kurushia matangazo kando ya Ziwa Tanganyika. Wenzangu waliuita uhamisho ule adhabu. Huko alikuwepo mfanyabiashara wa dagaa, Mama Zuhura, aliyezoea kuja kuchaji simu kwenye sola yetu. Siku moja akanipa sidii isiyo na jalada. "Mdogo wangu kanitumia kutoka Ulaya," akasema. "Mie nasikia kelele tu. Chukua wewe mwenye masikio."

Naomba niwaeleze ilikuwa na nini, maana watu hudhani muziki wa nje niliupenda kwa ushamba. Ilikuwa albamu ya DJ mmoja, dakika sabini na nne, nyimbo nyingi zilizounganishwa kuwa safari moja. Mle mlikuwa na breakbeat, ambayo ni ngoma iliyokatwa vipande na kupangwa upya, pigo linakuja pale usipolitegemea. Mlikuwa na garage, mtindo wa vijana wa London, ambao ngoma yake nzito inaruka zamu kwa makusudi ili kiuno chako ndicho kijaze pengo. Katikati mlipita rege, kinanda cha kanisani, na sauti ya mwanamke aliyeimba neno moja tu tena na tena. Nikatafuta viungo, mahali wimbo mmoja unapoisha na mwingine kuanza, sikuviona. Ilikuwa kama ugali wa muhogo na mahindi uliosongwa na mtu anayejua: unakula, umeshiba, hujui unga upi ulitangulia. Niliisikiliza kila alasiri kwa miaka miwili, mpaka nikajua kila dakika ina hali gani. Niliona wivu, na ndani ya wivu ule nikapata furaha ambayo sijaipata kwa kitu kingine chochote cha kazi.

Niliporudishwa Mpanda, tulikuwa na Meneja wa Vipindi mpya, mtu mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kufuta vipindi. Kipindi changu cha muziki cha Jumamosi mchana kilikuwa kwenye orodha yake. Nikamwendea.

"Dada, hapa watu wanataka salamu," akaniambia. "Wanataka kusikia majina ya shemeji zao."

"Bosi, nipe Jumamosi moja. Niipige hii yote bila kuikata."

"Moja. Ikikatika hata mara moja, saa ile inakuwa ya salamu, na wewe unarudi Karema kwa mnara wako."

Karema hapakuwa na miksa. Kurudi kungekuwa mwisho wangu wa kuchanganya muziki, na umri ulikuwa umeshasogea.

Jumamosi ikafika. Dakika ya ishirini na sita, mambo yakiwa matamu, akaingia baba mmoja na baiskeli mpaka kwenye korido yetu, karatasi mkononi. Mama yake alikuwa amefariki hospitalini asubuhi ile. Mazishi kesho Kasekese, na gari la kubeba mwili lingeondoka jioni. Kwetu tangazo la kifo halisubiri wimbo uishe. Ndugu walioko mbali hawana njia nyingine ya kujua. Tena likishasomwa haturudi kwenye muziki wa kucheza. Baada yake huwekwa kwaya, basi. Nikashusha kitelezo. Nilijua ninachokishusha, na niliumia.

Mtangazaji wa zamu akasoma: "Habari ziwafikie wanawe walioko Misunkumilo, na kaka yake aliyeko Ugalla kwenye mizinga ya nyuki." Simu ikalia. Meneja. "Imeshakatika," akasema. "Weka kwaya, tumalize."

Tangazo la kifo husomwa mara mbili. Nilikuwa na hiyo mara ya pili tu. Nikapeleka sidii mpaka dakika ya arobaini na moja, mahali ngoma zote zinapoondoka na kinabaki kinanda chenyewe, na yule mwanamke anaimba chini chini. Nikapandisha kidogo kidogo chini ya sauti ya mtangazaji. Aliposema "Bwana ametoa, Bwana ametwaa," kinanda kilikuwa tayari kipo naye. Nikakiacha.

Kwa dakika kumi na mbili hapakuwa na ngoma. Kisha ikaingia moja, kwa mbali. Kisha pengo. Kisha ya pili. Meneja akatokea mlangoni, jasho linamtiririka. "Nani kakuruhusu?" Nikamwambia, "Sikiliza kwanza, halafu unifukuze." Akasimama. Albamu ikaisha yenyewe, naye akaondoka. Nikaenda nyumbani kufunga mizigo.

Jumanne yule baba wa baiskeli akaja ofisini, kichwa kimenyolewa. Meneja akaniita, nikajua ni shauri la kuwaudhi wafiwa. Baba akatutazama sote wawili. "Redio zingine zinatusomea msiba, halafu papo hapo zinatukurupusha na tangazo la sabuni ya kufulia," akasema. "Nyie mlitusindikiza. Hata wadogo zangu kule Misunkumilo wameuliza ni nani aliyekuwa kwenye mitambo." Meneja akaninyooshea kidole. Karema sikurudi, na kipindi kile nilikiendesha mpaka kustaafu.

Sasa nipo nyumbani, na ninajisifu, kwa nini nisijisifu? Sauti yangu haijawahi kusikika hewani hata siku moja, na Katavi nzima imenifuata. Kazi hii haikuwa ya kuwafurahisha watu. Mtu yeyote mwenye spika anaweza. Kazi ilikuwa kujua walipo, na kuanzia hapo hapo.

Ndiyo maana siku hizi watu wanaomaliza matanga wananifuata niwapigie muziki. Juzi nilikuwa Misunkumilo, alasiri, kwenye uwanja wa mzee aliyezikwa wiki mbili nyuma. Familia imekaa kimya, chakula kimeiva, hakuna anayethubutu kunyanyua sahani. Wakaniambia, "Mama, tutoe matangani." Nilianza na kinanda, nikakaa nacho muda mrefu mpaka vijana wakaanza kunong'ona kwamba nimesahau. Ngoma ya kwanza ilipoingia niliitupia macho familia yote, mmoja mmoja, nikingoja. Aliyeinuka wa kwanza alikuwa mjane.